Hiyo Picha ni ya Mwaka Gani? Mwongozo kamili wa kusoma barabara kuu ya mji kwa picha za zamani

Kila mara naletewa picha ya Barabara ya Samora, Dar es Salaam, ikiwa na maelezo ya mstari mmoja: "Dar ya zamani, 1950." Naitazama, naona Mnara wa Saa umesimama kule mwisho. Mnara huo ulijengwa 1961, Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji. Aliyeleta picha si mwongo. Ameona paa la vigae, gari lenye mgongo wa kobe na bwana aliyevaa kofia, akajisemea "hii ya zamani kweli," kisha akachagua mwaka unaokaa vizuri mdomoni.

Kosa ni lile lile kila siku: picha inapewa umri wa kitu kikongwe kuliko vyote vilivyomo. Inatakiwa kinyume chake. Picha haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu chake kichanga kabisa. Ukishika hilo peke yake umemaliza nusu ya kazi, nusu nyingine ndiyo iliyo hapa chini.

Nimetumia Samora kwa sababu ndiyo ninayoitembea, kuanzia Mnara wa Saa hadi Bustani ya Mimea. Ukiwa Tanga, Mombasa, Mwanza au Bujumbura, badili majina, hatua ni hizo hizo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Picha yenyewe, siyo nakala ya nakala iliyopita kwenye simu kumi. Kama umeitoa mtandaoni, tafuta faili kubwa kuliko zote.
- Skana ya mezani. Huna? Simu yenye kamera nzuri na dirisha lenye mwanga wa kivulini.
- Kioo cha kukuzia.
- Brashi laini ya kuchorea rangi za maji, na mikono mikavu iliyooshwa.
- Penseli laini, na bahasha za karatasi za kawaida.
- Daftari au jedwali la kompyuta.
- Ramani ya leo, na ya zamani yoyote utakayoipata.
- Picha tatu au nne za mtaa huo huo ambazo mwaka wake una uhakika nao. Mimi naziita picha za kupimia.
- Nauli, muda, na mzee mmoja aliyefanya kazi mjini.

Wengi wanaruka picha za kupimia, halafu wanashangaa kwa nini wamekwama. Kwa enzi ya Wajerumani, anza na picha za Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani, zilizoko Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani. Nyingi ziko wazi kwenye mtandao. Kwa enzi ya Waingereza, Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza ina fungu lenye alama CO 1069, picha za makoloni. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton, maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Hapa nyumbani ziko Idara ya Habari MAELEZO, Nyaraka za Taifa na Makumbusho ya Taifa.

Usidharau gazeti la zamani. Tanganyika Standard lilianza 1930, na kila ukurasa una tarehe juu. Ila kumbuka mhariri naye huwa na kabati: picha iliyochapwa Jumanne inaweza kuwa imepigwa miaka mitano kabla.

## Hatua ya 1: Nakili kwanza, pande zote mbili

Usiisafishe picha kwa maji, wala kwa mate, wala kwa zile karatasi za kufutia miwani. Pwani yetu ina unyevu, na picha nyingi zina kuvu usioonekana. Ukisugua unauingiza ndani. Pitisha brashi taratibu kutoka katikati kwenda nje, basi.

Skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa takriban pikseli 2,360 kwa 3,540, inayotosha kusoma kibao cha dukani ambacho kwa macho ni doa tu. Kama ni mkanda wa filamu, panda hadi dpi 2,400 au zaidi. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. JPEG iwe ya kuwatumia watu.

Kwa simu: laza picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, shika simu sambamba na picha. Piga mara tatu.

Kisha geuza mgongo, nakili na huo.

Hapa nina kidonda changu. Niliwahi kupeleka picha ya babu studio wanisafishie. Nilipoirudia niliikuta inang'aa, imebandikwa kwenye kadibodi, na ule ukingo mweupe umekatwa "ipendeze." Kwenye ukingo huo kulikuwa na maneno mawili ya penseli niliyokuwa sijayanakili, na hadi leo sijayapata. Kwa hiyo ukienda studio, kaa pale pale, na mwambie fundi mapema: usikate, usibandike, usirembe.

Tahadhari. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiibandue, iskani ndani ya kioo chake. Picha iliyonasa kwenye albamu ya kurasa zenye gundi, usiivute kwa kucha. Usiandike kwa peni mgongoni, wino hutokea mbele baada ya miaka.

Umefanikiwa ukiwa na faili mbili za kila picha, mbele na nyuma, zenye ukingo wote, na picha yenyewe imerudi kwenye bahasha ya karatasi badala ya mfuko wa plastiki unaoifukizia unyevu.

## Hatua ya 2: Hakikisha ni mtaa wenyewe, na haijageuzwa

Picha nyingi zimegeuzwa kushoto-kulia na mtu aliyeweka filamu uso wake nyuma. Ukifanya kazi yote juu ya picha iliyopinduka, utahamisha maduka ng'ambo ya barabara.

Angalia herufi za vibao. Kama hazisomeki, angalia magari ya enzi ya Mwingereza na baada yake: yanapita kushoto? Kwa Samora kuna kipimo kizuri zaidi, Sanamu la Askari, lile ambalo wazee wengine bado wanaliita Sanamu la Bismini. Askari yule anaelekeza bunduki yake bandarini. Ukiwa umesimama upande wa Mnara wa Saa, bandari iko mkono wako wa kulia, kwa hiyo askari lazima atazame kulia kwako. Anatazama kushoto? Basi ama mpiga picha alisimama ng'ambo, upande wa Bustani, ama picha imegeuzwa. Vibao vitakuamulia.

Sanamu lenyewe nalo linachanganya watu. Nairobi na Mombasa zina sanamu za askari za wakati ule ule, lakini zile zina watu zaidi ya mmoja. La Dar ni askari mmoja peke yake, na liliwekwa 1927. Ukiona juu amesimama Mzungu na chini yake askari mweusi mwenye bendera, huyo siye askari wetu. Ni sanamu la Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Wajerumani, ambalo Waingereza waliliondoa baada ya kuuteka mji Septemba 1916. Lilisafirishwa, likaishia Hamburg, likasimamishwa tena 1922 na kuangushwa na wanafunzi mwaka 1968. Kwa hiyo unaweza kuikuta picha yake yenye miti isiyo na majani na watu wenye makoti mazito. Hiyo usiilete Samora.

Jina la barabara pia ni kipimo. Wajerumani waliiita Unter den Akazien. Waingereza wakaiita Acacia Avenue. Baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, na baadaye ikachukua jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Lakini "Acacia Avenue" peke yake, bila neno Dar es Salaam, haitoshi. Waingereza walikuwa na jina hilo miji mingi.

Umefanikiwa ukiweza kutaja vitu viwili vinavyoonekana pichani ambavyo haviwezi kuwa mji mwingine.

## Hatua ya 3: Soma mgongo

Watu wanatazama uso wa picha saa nzima na mgongo sekunde tano. Ifanye kinyume.

Kama ni postikadi, hizi ndizo alama ninazozitegemea:

- Mji umeandikwa "Daressalam," neno moja: mkono wa Mjerumani.
- Nyuma hakuna mstari wa kugawa ujumbe na anwani, na mtumaji amebanana kuandika upande wa picha: mpango wa zamani. Ujerumani iliruhusu mgongo uliogawanywa mwaka 1905, Uingereza ilitangulia 1902.
- Stempu ya Deutsch-Ostafrika (Afrika Mashariki ya Kijerumani) ambayo thamani yake imeandikwa "Pesa," sarafu ndogo ya wakati huo, ni ya kabla ya 1905. Yenye "Heller," sarafu iliyoifuata, ni ya mwaka huo na kuendelea.
- Stempu yenye herufi G.E.A. (German East Africa) zilizogongwa juu: Mwingereza ameingia lakini hajapata zake.
- Stempu yenye kichwa cha twiga na jina Tanganyika: kuanzia 1922.
- Kenya, Uganda, Tanganyika pamoja: kuanzia 1935.

Muhuri wa studio nao una maneno yake. A. C. Gomes, Mgoa aliyekuwa na studio Unguja, alifungua na Dar es Salaam. C. Vincenti alitoa postikadi nyingi za Dar. Ukipata muhuri wa namna hiyo, linganisha na kazi nyingine za studio hiyo hiyo zenye tarehe.

Tahadhari, tena kubwa. Tarehe ya posta ni siku kadi ilipotumwa. Kadi hukaa dukani miaka. Muhuri wa 1912 unakuambia picha haikupigwa baada ya 1912, haukuambii ilipigwa 1912. Vivyo hivyo, karatasi yenye utando wa plastiki, ile isiyokunjamana ikiloa, ni ya mwisho wa miaka ya 1960 na kuendelea, lakini juu yake inaweza kuwa imechapwa upya picha ya zamani sana.

## Hatua ya 4: Funga milango miwili

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo chukua kiti.

Kila picha ina milango miwili. Mlango wa nyuma unafungwa na kitu kipya kabisa kilichomo: picha haikupigwa kabla ya hapo. Mlango wa mbele unafungwa na kitu ambacho tunajua kiliondoka: picha haikupigwa baada ya hapo. Katikati ya milango ndimo mwaka ulimo. Usitafute mwaka, tafuta milango.

Chora mistari miwili kwenye daftari: upande mmoja "si kabla ya," upande wa pili "si baada ya." Gawa picha vipande tisa, kama mchezo wa bao la watoto, upite kila kipande kwa kioo cha kukuzia, hata kile chenye mbingu tupu. Nguzo za simu na nyaya ziko huko juu.

Hivi ni vitu vinavyofunga mlango vizuri Samora na mitaa ya jirani:

Sanamu na minara. Askari, si kabla ya 1927. Mnara wa Saa, si kabla ya 1961.

Bendera. Hata kwenye picha isiyo na rangi inasomeka. Bendera ya Tanganyika ina mistari ya kulala, na ilipepea kuanzia Desemba 1961 hadi 1964. Ya Tanzania ina mstari wa mshazari. Ukipata ile ya mistari ya kulala inayosomeka vizuri, umefunga milango yote miwili kwa mkupuo.

Mabenki. Barclays D.C.O. (Dominion, Colonial and Overseas) na wenzake walitaifishwa Februari 1967, ikazaliwa NBC, Benki ya Taifa ya Biashara. Zile herufi tatu, D.C.O., ndizo muhimu, kwa sababu Barclays ilikuja kurudi nchini miaka mingi baadaye bila hizo.

Majengo ya Msajili. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Majina ya wenye nyumba yaliyochongwa kwenye zege juu yalibaki, lakini vibao vya chini vilianza kubadilika. Picha mbili za jengo moja, moja kabla na nyingine baada ya mwaka huo, ni somo zima. Zitafute.

Magari. Usianze na gari linalokuvutia, anza na jipya kuliko yote. Peugeot 404 ilitoka 1960, 504 ikatoka 1968. Land Rover haipo kabla ya 1948. Volkswagen kobe haisaidii kitu, iliundwa miaka mingi mno. Daladala zenye leseni ni za kuanzia 1983, na ukiona pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana, abiria wamegusana magoti, hiyo ni chai maharage, tumeshaingia miaka ya themanini.

Nguo. Zinafurahisha lakini ni ushahidi dhaifu. Suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni vinakupeleka miaka ya sabini, sawa. Ila mjomba wangu alivaa bugaluu yake hadi ilipomchanikia, na wakati huo vijana walishamsahau aliyeianzisha. Nguo inafunga mlango wa nyuma, kamwe usiitumie kufunga wa mbele.

Sasa jaribu. Chukua picha yenye Mnara wa Saa, Peugeot 404 na kibao cha Barclays D.C.O. Mnara unasema si kabla ya 1961. Peugeot inasema si kabla ya 1960, kwa hiyo haiongezi kitu, mnara umeshamshinda. Kibao kinasema si baada ya Februari 1967. Jibu: kati ya 1961 na 1967. Mtu akikulazimisha useme mwaka mmoja, kataa.

Tahadhari. Kibao huchelewa kushuka. Duka linaweza kufungwa, maneno yakabaki ukutani miaka kumi. Kwa hiyo mlango wa mbele uliofungwa kwa kibao peke yake, uache na upenyo wa mwaka mmoja au miwili, na uandike kwamba umeuacha. Jengo lililobomolewa ndilo kufuli la kweli.

Tahadhari ya pili. Usisome vibao kwenye picha "iliyoboreshwa" na programu ya akili bandia. Programu hizo hazioni herufi, zinabuni. Nimeletewa kibao kilichosomeka vizuri kabisa, herufi safi, katika lugha ambayo haipo duniani. Rangi nazo ni hivyo hivyo: basi likipakwa buluu na programu, hakuna aliyejua kama lilikuwa buluu.

Umefanikiwa ukiwa na angalau kitu kimoja kila upande wa daftari. Upande mmoja ukibaki mtupu, andika "haijafungwa" na uendelee. Mzee atasaidia.

## Hatua ya 5: Kivuli

Hatua hii si lazima, ila nikiiacha nitakuwa nimekunyima utamu.

Dar iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Kuanzia wiki ya kwanza ya Machi hadi wiki ya pili ya Oktoba, jua la saa sita mchana linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo vivuli vinaangukia kusini, upande wa bandari. Miezi iliyobaki ni kinyume. Ukiwa na picha ya mchana, vivuli vifupi, na vyote vimeelekea bandarini, ondoa Desemba na Januari. Maandamano au gwaride unalodhani ni la siku ya Uhuru linaweza kukataliwa na kivuli cha nguzo.

Kivuli kirefu ni cha asubuhi au jioni, na mwelekeo wake utakuambia ni kipi. Usiiamini saa ya mnara. Saa za minara husimama.

## Hatua ya 6: Nenda kwa mzee, ila usimuulize mwaka

Ukimuuliza mzee "hii ni ya mwaka gani?" atakupa mwaka, kwa adabu tu, ili usiondoke mikono mitupu. Utauandika, na utakuwa umerudi pale pale pa "1950."

Peleka nakala kubwa, ukubwa wa karatasi ya A4, bila maandishi yoyote. Salimia, kaa, kunywa chai. Mwekee picha mkononi, nyamaza. Kinachomtoka mwenyewe kabla hujauliza ndicho chenye uzito.

Mimi nilifika kwa babu mmoja Kariakoo nikiwa na picha niliyoiandika 1958 kwa kujiamini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

Akaitazama kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye kona ya juu. "Hapa mimi nilikuwa nabeba barua za ofisi. Huu mnara walipouweka saa tulikuwa tunasimama kuutazama." Akaninyanyulia macho. "Wewe umesema hamsini na nane?"

Kona ile sikuwa nimeipitia. Ndiyo maana nikakwambia vipande tisa.

Baada ya kimya, uliza kwa matukio: Wakati huo ulikuwa umeoa? Mtoto wa kwanza alishazaliwa? Ni kabla ya Uhuru au baada? Kabla ya Azimio au baada? Vita vya Kagera vilikukuta unafanya kazi duka gani? Azimio la Arusha ni 1967, vita ni 1978 hadi 1979. Miaka utaihesabu mwenyewe nyumbani. Halafu uliza yale ambayo picha haina: harufu ya mkate ilitoka wapi, nani alizuiwa kuingia hoteli gani, wapi mlikuwa mnaegesha baiskeli.

Hojiana na wawili mbalimbali, kamwe siyo pamoja. Wakiwa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka.

Tahadhari. Omba ruhusa ya kurekodi. Picha ikiwa na mtu anayetambulika, au jengo ambalo familia ililipoteza 1971, jua kwamba kwako ni historia na kwake ni jeraha. Akinyamaza, funga daftari.

## Hatua ya 7: Simama aliposimama mpiga picha

Nenda barabarani Jumapili asubuhi, magari ni machache. Beba nakala ya picha na, tafadhali, beba barua kutoka ofisi ya serikali ya mtaa inayoeleza unachofanya. Mwisho wa Samora, upande wa Bustani, kuna majengo ya serikali na Ikulu haiko mbali, na mtu anayelenga kamera huku na huko ataulizwa. Askari polisi au mlinzi akikukataza, usibishane, shusha kamera, onyesha barua.

Kulipata eneo la mpiga picha hakuhitaji kipaji, kunahitaji pembe mbili za majengo. Kwenye picha ya zamani, tafuta pembe ya jengo la karibu iliyogusana na kitu cha mbali, kwa mfano ukingo wa balkoni umeukata mnara katikati. Sasa wewe barabarani, sogea kushoto au kulia hadi ukingo ule ule uukate mnara pale pale. Umepata mstari. Tafuta jozi ya pili upande wa pili wa picha, kisha tembea mbele au nyuma ndani ya mstari wako wa kwanza hadi jozi ya pili nayo ikae. Zikikaa zote mbili, miguu yako iko alipokuwa mpiga picha.

Kama paa za magari zinaonekana kwa juu, alikuwa dirishani au roshani ya ghorofa ya kwanza. Omba kupanda. Mara nyingi mwenye ofisi hufurahi ukimwonyesha picha, na wakati mwingine anayo yake kwenye droo.

Tahadhari. Usirudi nyuma huku jicho liko kwenye kamera. Bodaboda haina habari na historia yako.

Umefanikiwa ukiwa na picha mbili, ya zamani na ya leo, ambazo ukiziweka juu ya nyingine angalau jengo moja linalala juu ya lenyewe.

## Hatua ya 8: Ramani ya utepe

Picha moja moja ni pambo la ukuta. Zikikaa kwenye utepe ndipo barabara inaanza kusema.

Gundisha karatasi za A4 kwa urefu. Chora barabara katikati, Mnara wa Saa mkono mmoja, Bustani ya Mimea mkono mwingine. Weka njia panda zote kwa mpangilio wake. Juu ya mstari ni upande wa mjini, chini ni upande wa bandarini. Kila jengo lipe kisanduku. Ndani ya kisanduku andika kila jina na kila kazi uliyoipata, pamoja na milango yake miwili: duka la vitambaa, si kabla ya hapa, si baada ya pale. Usiache kisanduku cha jengo lililobomolewa, mpe nafasi yake chini ya ghorofa la sasa.

Visanduku vitupu vitajitokeza vyenyewe. Sasa unajua picha gani unaitafuta, badala ya kupokea tu zinazoletwa. Mimi utepe wangu ulinionyesha jambo ambalo sikulitarajia: karibu picha zote zinamzunguka Askari, kwa sababu wageni walipiga pale. Vipande vya katikati, ambako watu wa kawaida walinunua viatu na kusubiri mabasi, vina picha chache mno, na hizo zote zimetoka kwenye albamu za nyumbani, nyuma ya mtu aliyevaa nguo ya sikukuu. Kwa hiyo ukiomba picha kwa watu, usiseme "una picha ya mjini?" Sema "una picha yako uliyopiga ukiwa mjini?"

## Hatua ya 9: Andika maelezo yanayoweza kukosolewa

Faili ipe jina lenye mtaa, milango na namba: samora_1961-1967_mnara_014. Usiandike "picha nzuri ya babu final 2."

Maelezo yawe na sehemu nne: kinachoonekana, kati ya miaka gani, kwa nini, na imetoka wapi. Hivi:

"Barabara ya Samora, wakati huo Independence Avenue, ikitazama upande wa Mnara wa Saa. Kati ya 1961 na 1967. Mnara wa Saa umeshajengwa, na kibao cha Barclays D.C.O. bado kipo, benki zilitaifishwa Februari 1967. Vivuli ni vya asubuhi. Albamu ya familia, imenakiliwa kwa ruhusa."

Neno "labda" liweke pale unapobahatisha, na pale tu. Ukilimwaga kila mstari, msomaji hatajua lipi ni la kweli na lipi ni ubahatishaji. Mwenye picha mtaje kama anapenda kutajwa, na kabla ya kuichapisha popote muulize, hata kama ni shangazi yako. Hasa kama ni shangazi yako.

Mtu akija na marekebisho, usifute maelezo ya kwanza. Yakate kwa mstari mmoja, andika mapya chini yake, na tarehe ya siku uliyorekebisha. Maelezo ya ile picha niliyompelekea babu wa Kariakoo yameshakatwa mara mbili: 1958 ya kwangu, kisha "baada ya 1961" ya babu, na mwezi uliopita binti mmoja amenionyesha, nyuma ya mnara, bendera ndogo ambayo mistari yake imelala.